Nilivyomzika Baba kwa GPA ya Mbili Nukta Moja

Katika wilaya tatu, Musoma, Bunda na Butiama, hajazaliwa mtu wa kunikamata uongo. Nasema hivyo kifua mbele. Mwalimu wa nidhamu alishindwa. Padri alishindwa. Dada mmoja wa Makoko, mwenye macho makali kuliko mashine ya kukagulia noti, naye alishindwa akaolewa na mwingine.

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia maandazi, ngoja nikuvute haraka.

Naitwa Fredi, mtoto pekee wa Mzee Gasper wa kule Butiama. Mama yangu, Eufrasia, alifariki nikiwa darasa la pili. Baba akanilea mwenyewe, yeye na ng'ombe zake. Nikaenda chuo Mwanza kusomea diploma ya fedha na benki, nikasomea zaidi pool table, nikarudi na GPA ya mbili nukta moja. Jirani yetu Naomi, binti wa Mzee Masatu, tulikuwa naye darasa hilohilo. Yeye alirudi na tatu nukta nane. Na mwisho wa GPA yetu ni nne.

Sasa balaa lilianzia hapa.

Zamani, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nilikuwa na pointi ishirini na nne, Naomi kumi na saba. Baba akaenda senta kutamba. "Wangu ishirini na nne! Wa Masatu kumi na saba tu!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ndipo wakamweleza: mzee, kwenye pointi za mtihani, chache ndiyo nzuri. Ukiwa nazo nyingi unaelekea division ziro.

Baba hakuisahau aibu ile. Alijifunza.

Kwa hiyo niliporudi na GPA yangu, hakukurupuka. Aliuliza kwanza kama mtu mwenye akili.

"Na mtoto wa Masatu ana ngapi?"

"Tatu nukta nane, baba."

Akatazama juu, akahesabu kwa midomo. Akasimama. Akanikumbatia mpaka kalamu yangu ya mfukoni ikavunjika.

"Mbili kwa tatu! Mura, kijana wangu, umemfunika!"

Ningeweza kumwambia. Maneno machache tu: baba, huku chuo mambo ni kinyume. Lakini mzee alikuwa analia, na beberu wa kuchinja kunipongeza alishafungwa kamba. Wewe ungekatisha safari ya nyama?

Beberu akaliwa. Masatu alikula paja zima huku amenuna, akarudi kwake, akamwambia bintiye, "Tatu nukta nane! Kwani ziro ilikuwa mbali kiasi gani, si ungemalizia tu?" Akamnyang'anya simu, akampeleka Bukima kwa shangazi yake akaanike dagaa, maana shule imemshinda.

Wiki jana niliachia pale simu ilipoita. Ilikuwa benki ndogo moja ya mikopo pale Musoma. Jina nalificha, bado naipenda shingo yangu. Walikuwa na nafasi moja ya mafunzo kazini. Moja. Aliyepiga akasema nimeitwa kwenye usaili, halafu akaongeza, "Yupo pia mwenzako wa kijijini kwenu, Naomi Masatu. Simu yake haipatikani. Utatusaidia kumwambia?"

"Bila shaka, bosi," nikajibu. "Naomi ni kama dada yangu."

Endelea kunisoma. Utanichukia vizuri.

Kabla ya usaili nilishuka Bunda kumwona rafiki yangu Dennis, mwenye steshenari pale stendi. Dennis huwaga anaandikia watu CV. Ameandikia nusu ya vijana wa mkoa huu. Yeye mwenyewe hajawahi kuitwa popote.

"GPA ngapi?" akaniuliza, vidole vikiwa kwenye kibodi.

Nikamtajia. Akaondoa vidole.

"Hiyo siyo GPA, kaka. Hiyo ni bei ya nyanya."

"Nisaidie, bhana."

"Sikiliza. Kwanza, haiandikwi. Tunajaza ujuzi: kompyuta, mawasiliano, kujituma. Ukurasa ukijaa hakuna atakayeona tundu."

"Na wakiuliza?"

"Watauliza tu, watu wa fedha wanapendaga tarakimu kuliko chakula. Hapo sasa usiseme ulikuwa unacheza pool. Sema matatizo ya familia. Ulikuwa na GPA tamu, likatokea jambo, ikashuka. Aliyeanguka na kuinuka wanampenda."

"Jambo gani?"

"Msiba. Una msiba?"

"Mama alifariki."

"Safi!"

"Dennis!"

"Samahani. Namaanisha pole. Lakini safi."

"Haufai. Nilikuwa darasa la pili. Halafu nilishautumia chuoni nilipokosa mitihani. Nikautumia tena nilipochelewa ada. Umechakaa."

Dennis akajikuna kichwa. Akanitazama kwa huruma, kama fundi anayeona spea imeisha dukani.

"Basi itabidi utafute mwingine," akasema.

Siku ya usaili niliteremka Musoma na tai ya bluu aliyoninunulia baba. Pale stendi nikakutana uso kwa uso na Naomi. Alikuwa amekalia gunia la dagaa, kanga imefungwa kichwani, mikono imechubuka kwa chumvi na jua. Alikuwa anasubiri mteja wa shangazi yake.

"Umevaa tai, Fredi. Unaenda wapi?"

"Ubatizo."

"Jumanne?"

"Mtoto anaumwa, wamewahisha."

Akanitazama. Yule msichana akikutazama unahisi kama unasahihishwa.

"Fredi, mwambie baba yangu ukweli. Nakuomba."

"Mwambie wewe, si ndiye mwenye tatu nukta nane?"

"Nimemwambia mpaka sauti imekauka. Anasema aliyefeli huwaga anajitetea hivyohivyo. Amesema akisikia kwako ataamini, kwa sababu wewe ndiye utakayepoteza."

"Nikimwambia baba yako, baba yangu atasikia kabla sijafika nyumbani. Mzee ana umri, Naomi. Unataka umuue?"

"Mimi nanuka dagaa, Fredi." Alisema taratibu, bila kulia. "Nikilala nanuka. Nikienda kanisani watu wanasogea. Nilikuwa wa pili darasa zima."

Hapo mtu mwenye roho angesema: inuka, nawa uso, kuna usaili saa nne na jina lako limo.

Mimi nikasema, "Dagaa wana protini nyingi, dada. Utanawiri."

Nikatembea. Nilicheka hatua chache, halafu kicheko kikanikwama, nikajifanya nakohoa.

Usailini niliwakuta watu wawili. Mmoja alikuwa meneja, Madam Pelagia, mama mnene mwenye rozari kwenye kitasa cha droo. Wa pili alikuwa mkuu wa mikopo, Bwana Kwangu, mwembamba, anayetazama mtu kama anatafuta dhamana ya kumkamatia.

"Shikamoo, Madam. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Mwenzako Naomi yuko wapi?"

"Alishapata shughuli, Madam. Yuko kwenye sekta ya uvuvi."

"Oh, hongera zake," akasema Madam, akakata jina. Nililiona linakatwa. Kalamu yake ilikuwa nyekundu.

Kwangu akageuza CV yangu mbele na nyuma, kama anayetafuta mfuko wa siri.

"Kijana, hapa umeandika unajituma. Umeandika pia unajituma sana. GPA iko wapi?"

"Nilisahau, mzee."

"Ikumbuke."

"Mbili nukta moja."

Feni ilikuwa inazunguka juu inalia kwii, kwii, kama inanicheka.

"Mbili nukta moja," akarudia Kwangu. "Na unataka kushika hesabu za watu. Ilikuwaje?"

Msomaji wangu, nataka uniamini kwa hili moja. Nilifungua mdomo nikiwa sijapanga. Nilidhani nitasema malaria.

"Baba yangu alifariki," nikasema.

Neno likishatoka halirudi kinywani. Nikaona Madam ameshika kifua, nikajua nimepata barabara, nikakanyaga mafuta.

"Mwaka wa pili, Madam. Sukari. Nilikuwa naongoza darasa. Nikarudi kumuuguza, nikawa namlisha uji kwa kijiko. Akanishika mkono akasema, mwanangu, usiache fedha na benki."

"Alisema hivyo?" akauliza Kwangu.

"Kwa kilugha, mzee. Natafsiri."

"Na mama yako?" Madam akauliza, sauti inatetemeka.

"Alitangulia zamani."

"Yesu na Maria. Yatima kamili."

Akatoa leso. Mimi nami nikainamisha kichwa. Unajua jambo la ajabu? Nililia kweli. Nilimwona baba amelala pale nilipomlaza, namlisha uji, nikamhurumia. Wakati huohuo baba mwenyewe alikuwa Butiama, mzima kama jembe jipya, anakamua ng'ombe.

Kwangu hakulia. Alisubiri nimalize kupenga kamasi.

"Pole. Sasa nijibu la kazi. Mvuvi wa dagaa wa Bukima amekopa injini ya mtumbwi. Utampangia marejesho vipi? Wenzako wote leo wamesema kila wiki."

Hilo sikuhitaji chuo. Shangazi yangu mkubwa anakaa Bukima, na likizo zangu zote nilimalizia mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki.

"Siyo kila wiki, mzee. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa zao hazivuti kitu, watu wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Ukimdai wiki hizo atakopa kwingine akulipe wewe, mwisho wenu wote wawili mnamkosa. Mpangie alipe giza linapoisha, mfukoni ana kitu. Mbalamwezi muache apumzike."

Kwangu akaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu.

"Nani amekufundisha?"

"Njaa, mzee."

Akacheka. Yule mwembamba akacheka! Akamgeukia meneja. "Madam, huyu achukuliwe. Nina wenye GPA ya nne kasoro hapa wamenipangia mvuvi kama mwalimu wa serikali mwenye mshahara wa uhakika."

"Hata mimi," akasema Madam Pelagia, anafuta macho. "Fredi, kwa jibu hilo tu ningekuchukua, hata usingenieleza habari za marehemu. Nafasi ni yako."

Umesikia? Kwa jibu hilo tu. Nilikuwa nimemuua mzee wa watu bure. Laiti Kwangu angeanza na mvuvi.

Nikasimama kushukuru. Madam akaniwekea mkono begani, akanirudisha kwenye kiti.

"Lakini kwa kuwa umeshatueleza, ofisi yetu ina utaratibu wake. Hapa hatumpokei mwenzetu aliyefiwa kama vile amefiwa na kuku. Jumamosi tunakuja Butiama kuhani."

"Madam, imeshapita muda…"

"Rambirambi haziozi, mwanangu. Tutachanga kidogo, tutakuja na mchele na sukari. Tutasali kaburini. Unaishi na nani pale?"

"Peke yangu," nikasema, na moyo ukaanza kutafuta mlango.

"Basi tutakupikia," akasema Madam.

Nyumbani baba alinipokea njiani. Aliishika tai yangu kwa vidole viwili, asiichafue.

"Umepata?"

"Nimepata, baba."

Hakuruka. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mama. Nikamsikia anaongea pale. "Eufrasia, mtoto amepata benki. Kwa ile mbili nukta moja yake." Aliporudi alikuwa amenawa uso ili nisijue.

"Baba," nikasema wakati wa kula, "wakubwa wa ofisi ingefaa tuwashukuru."

"Nilikuwa nafikiri hivyohivyo! Nichinje?"

"Hapana. Ni watu wa mjini, wanapenda sato. Ungeenda Bukima kwa shangazi Jumamosi, uchague mwenyewe wakubwa wakubwa. Ulale huko, urudi Jumapili, Jumatatu niende nao kazini."

"Kwa nini nilale? Samaki wataharibika."

"Shangazi amekukumbuka."

Akanitazama, akatabasamu. "Mura, siku hizi una akili ya mtu mzima."

Jumamosi alfajiri akaondoka. Alivaa viatu vyake vya kanisani na ile kofia anayovaaga Krismasi tu. Alikwenda kuninunulia shukrani. Nilimpungia mkono mpaka akapotea, kisha nikaingia ndani kumfuta.

Redio yake nikaisukuma uvunguni. Koti, mswaki, fimbo, vyote uvunguni. Godoro la kitanda chake nikalikunja. Bahati ikawa upande wangu: ilikuwa siku ya mnada, Masatu na majirani wengine wote walikuwa wamepeleka ng'ombe. Kijiji kilikuwa kimya kama kimenunuliwa.

Likabaki kaburi.

Kwetu kuna kaburi moja tu uani, la mama, lina msalaba wa saruji. Jina lake baba aliliandika mwenyewe kwa kijiti saruji ikiwa bado mbichi: EUFRASIA. Nilisimama pale muda. Nikasema, mama, nakuomba tu kwa siku moja. Halafu nikachuma maua ya uzio, nikayafunga mviringo, nikayatundika juu ya jina.

Saa tano gari la benki likaingia. Madam Pelagia kwa kanga mbili, Kwangu kwa suti nyeusi, na akina mama watatu wa kaunta na masufuria yao. Wakaanza kulia kabla ya kuzima injini. Kilio cha ofisini ni kizuri, kinaanza pamoja na kinamalizika pamoja.

Kwangu hakulia. Alisimama mlangoni anatazama gambuti za baba za zizini, nilizosahau kuficha.

"Hizi za nani?"

"Za marehemu, mzee."

"Zina matope mabichi."

"Navaaga mimi. Namkumbuka nikivaa."

Akatazama miguu yangu. Akatazama gambuti. Moja tu ingeniingia miguu yote miwili kwa pamoja. Akaguna, "Mm," akaingia ndani.

"Kuna harufu ya tumbaku," akasema.

"Ni marehemu," nikajibu haraka. "Harufu yake haijatoka."

"Toka mwaka wa pili?"

"Alikuwa anavuta sana."

Mmoja wa akina mama akaniletea chai, akamkemea Kwangu. "Bwana Kwangu, muache yatima ale." Nikala. Walinipikia wali na nyama, wakanisimamia nimalize. Tonge lilikuwa linashuka kama kokoto. Kila bodaboda iliyopita barabarani nilikuwa naisikiliza kwa mgongo.

Hatimaye Madam akasimama. "Twende kaburini tusali, turudi mapema."

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Nikapiga hesabu kichwani: sala moja, bahasha, kwaheri. Baba yuko Bukima, shangazi anamkaangia samaki. Nilikuwa nimebakiza dakika chache niwe mtu wa benki.

Madam Pelagia akafumba macho.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," wakaitikia wote.

Sauti moja ilichelewa. Ilitoka nyuma kabisa, nzito, ya mwanaume aliyekimbia. Sikugeuka. Sauti ile ndiyo iliyoniamsha kwenda shule miaka yangu yote.

"Apumzike kwa amani," akasema Madam.

"Amina," ikasema ile sauti.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya Kwangu, kofia kifuani, sato wawili wakubwa wananing'inia kwa kamba kwenye mkono mwingine. Suruali ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Baadaye nilijua kilichotokea: samaki aliwapata mapema, hakutaka waharibike, na alipofika senta akaambiwa wageni wa benki wako kwake. Akaogopa kuwakosa. Akakimbia kutoka senta mpaka nyumbani, mzee yule, na viatu vya kanisani.

Akawakuta kwenye kaburi la mke wake, wamefumba macho, wanasali.

Na Kiswahili ndicho kilichonimaliza. "Umpe" haina mwanaume wala haina mwanamke. Baba hakuwa na sababu ya kushangaa. Alijua wanamwombea mama.

"Asanteni," akasema, machozi yanamshuka. "Asanteni sana, wakubwa. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuja kumwombea."

"Pole, mzee," Madam akamjibu kwa upole. "Wewe ni jirani? Ulimfahamu marehemu?"

"Kumfahamu? Mama, hapa duniani hakuna aliyemfahamu kunizidi."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mpole. Hajawahi kunipandishia sauti. Alikuwa anaimba akisonga ugali."

Kwangu akafumbua jicho moja. "Mwanaume huyo, anasonga ugali?"

Baba hakumsikia. Alikuwa anajifuta pua kwa kiganja. Mimi nilijaribu kusema kitu, chochote, tuondoke, mvua inakuja. Madam akaniwahi.

"Tumalizie kwa kumtaja jina," akasema Madam, akafumba macho tena. "Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Gasper, baba mzazi wa kijana wetu Fredi, uliyemwita mapema kwa ugonjwa wa sukari. Mlinde huyu yatima aliyemlisha uji mpaka siku ya mwisho."

"Amina," wakasema wote.

Baba hakuitikia.

Alipita katikati yao, taratibu, akiomba radhi kwa kila mmoja. Akafika kwenye msalaba. Akanyanyua maua yangu kwa kidole, akatazama jina lililo chini yake, akayarudisha yalivyokuwa. Kisha akavaa kofia yake na kunitazama.

Nilimtikisia kichwa kidogo. Nilimwomba kwa macho. Baba, nafasi ni moja. Baba, tafadhali. Akaitazama tai yangu, ile ya bluu. Akaitazama muda mrefu.

"Mzee," Madam akauliza, "wewe ni nani yake marehemu?"

Nikafumba macho kusubiri.

"Ndugu yake," akasema baba. "Tulikuwa tunalala nyumba moja."

Nikapumua! Mzee ananiokoa. Mzee amekubali kufa kwa ajili yangu. Baba gani tena duniani kama huyu? Nilitaka kumrukia nimbusu na samaki wake.

"Pole sana, mzee," akasema Kwangu, anasogea karibu, ile sura ya kutafuta dhamana imerudi. "Sukari ni ugonjwa mbaya."

"Nani amesema sukari?"

"Kijana ametueleza."

"Hapana," akasema baba. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Alikuwa mzima kabisa. Alikamua ng'ombe, akanywa uji wake mwenyewe bila kulishwa. Hakuugua. Aliuawa."

Akina mama wa kaunta wakashikana mikono. Madam Pelagia akaziba mdomo kwa kanga.

"Aliuawa? Mzee wangu, na nani?"

Baba aliwaweka wale sato juu ya saruji, chini ya msalaba, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Muulizeni kijana," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwepo."